Daftari Nililolikataa

Baba,

Mwalimu wetu wa Kiswahili husema barua haianzi bila salamu na kuulizia afya. Leo nitamvunjia mwalimu heshima. Sitakuuliza hali. Nina hasira nawe, na hasira yenyewe ina umri wa mwaka mmoja kasoro siku moja, kwa maana kesho katika kanisa la mtaa wa Jamhuri tunakufanyia ibada ya ukumbusho.

Nilitaka kukuandikia katika ile shajara uliyonitumia, yenye jalada la ngozi na kufuli ndogo ya rangi ya dhahabu. Nimeifungua, nikanusa kurasa zake, nikaifunga tena. Tangu uliponipa sijaandika ndani yake hata neno moja. Kwa hiyo naandika nyuma ya programu ya harusi ya watu nisiowajua. Upande wa pili, wimbo wa kuingia bibi harusi umechapwa umepinda. Utaitambua karatasi hii. Labda wewe ndiye uliyeiharibu, au mwenzako wa kazi Mzee Odhiambo, au ile mashine yenu kuukuu ya kuchapa mliyokuwa mkiitukana kama punda.

Nianze na habari za nyumbani. Tumerudi Jamhuri. Hatuko katika nyumba yetu ya zamani, ila ukisimama mlangoni unaiona. Gari limeuzwa, na ile televisheni pana kama meza imeuzwa. Vile viti vya ngozi, ambavyo nilikatazwa kuvikalia nikiwa na sare ya shule, vilikataa kupita mlangoni. Wabeba mizigo walivigeuza huku, wakavigeuza kule, wakavilaza ubavu, wapi. Vikakaa nje siku mbili. Watoto wa majirani wakapanda na kuanza kuvirukia kwa viatu vyao vya matope. Nilitoka niwafukuze, Mama akanishika mkono. "Wacha waruke," akasema, kisha akacheka mpaka akaketi chini kwenye ngazi.

Baba, miaka yote tuliyokaa Westlands sikumsikia Mama akicheka hivyo. Nilikwenda chooni nikajifungia nikalia. Ulimnunulia viti vile ili afurahi, na furaha yenyewe ilikuja siku viliposhindwa kuingia ndani. Wewe hukuwapo uione. Hilo nalo limeniudhi.

Sasa sikiliza yaliyotokea wiki hii.

Jumapili alikuja Anko Kariuki, ndugu yako, na picha ya kuweka kwenye kadi ya ukumbusho. Ni ile uliyopigwa ukiwa umeegemea gari mbele ya ofisi ya Westlands, miwani ya jua usoni, funguo zikining'inia kidoleni. Chini yake ametunga maneno: "Aliyetoka River Road akafika Westlands." Aliyasoma mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba watu walikuwa wameanza kupiga makofi.

Nikamwambia, "Anko, Baba hakuwa hivyo."

"Hakuwa vipi? Hiyo si gari yake? Hiyo si sura yake?"

"Ni sura yake. Lakini hacheki."

"Wewe Njeri, mtu akiwa na gari kama hiyo ana haja gani ya kucheka? Watu ndio watamchekea."

Mama alikuwa ameinamia sufuria. Hakuchukua upande. Alisema tu kwamba kadi lazima ziwe zimechapwa kabla ya Ijumaa, na kama nina picha nyingine niilete kufikia Jumatano jioni. Nisipoileta, basi itakuwa ya gari.

Unajua kadi hizo huenda wapi. Watu huzitia ndani ya Biblia, na humo hukaa miaka. Nikawaona watu wa kanisa letu, sote tukiwa tumezeeka, wakifungua Zaburi na kukutana na gari. Nikaapa halitakuwa hivyo. Nikapekua albamu zote. Kuna harusi, ubatizo, gari, nyumba, tena gari kwa upande wa pili. Hakuna hata picha moja ya River Road. Nani humpiga mtu picha akiwa kazini?

Ndiyo maana Jumanne nilikwenda River Road, kwenye karakana yenu ya kuchapa.

Ngazi ni zilezile, juu ya duka la misumari na mabati. Nilipokuwa nikizipanda nikazikumbuka Jumamosi zetu, na kila ngazi hasira ikapanda nami. Ulikuwa ukinikalisha juu ya bunda la karatasi, ukanipa rula na prufu, ile nakala ya kusahihishwa kabla ya kuchapa, nami miguu haifiki sakafuni. Ukanifundisha kusoma prufu kutoka mwisho. "Anza na neno la mwisho, Maitu, urudi nyuma neno moja moja," ulisema. "Ukianza mwanzo, hadithi itakubeba, na macho yatasamehe makosa." Uliniita Maitu, yaani mama, kwa sababu mimi ni binti yako wa kwanza na nimepewa jina la mama yako, kama ilivyo desturi yetu. Hata wateja walizoea. "Fundi, mama yako ameshasoma kadi zangu?" waliuliza, na wewe ulijibu kwa uso mkavu, "Bado, amekwenda kununuliwa peremende."

Mashine ilipiga, nawe uliimba besi ukifuata mdundo wake. Mzee Odhiambo alilalamika kila Jumamosi: "Punguza hiyo sauti, utaangusha herufi zote chini." Saa saba tulikula chapati na maharagwe kutoka kwa yule mama wa chini ya ngazi, sote watatu sahani moja, kwa kuwa sahani nyingine mlikuwa mmeigeuza ya gundi.

Kisha madaftari. Karatasi zilizoharibika upande mmoja hukuzitupa. Ulizikata sawasawa, ukazipiga pini, ukazitia gundi na jalada la kalenda ya mwaka uliopita. Jioni tulirudi Jamhuri na mzigo, na watoto wa mtaa walikuwa wakikungoja langoni. Ulikuwa ni ule wakati karo ya shule za msingi ilipoondolewa, madarasa yakafurika watoto wasio na kitu cha kuandikia. Ulimpa kila mmoja daftari, ukimwambia, "Upande mmoja ni wa watu. Huu mweupe ni wako." Ulikuwa na aproni yenye wino na viatu vilivyopasuka, Baba, na sijawahi kumwona mtu tajiri kuliko wewe langoni pale.

Nami nikaharibu. Najua. Acha nilisimulie sawasawa, maana nimelificha muda mrefu.

Nilikuwa darasa la saba. Msichana mmoja alininyang'anya daftari, akaligeuza, akasoma upande wa nyuma kwa sauti ya mchungaji: "Mwili utawasili saa nne kamili!" Ilikuwa programu ya mazishi. Darasa zima likaangua kicheko. Kuanzia siku hiyo wakaniita Marehemu. "Marehemu, umefanya hesabu?" "Marehemu, sogea, unatunukia maua." Muhula mzima.

Nilifika nyumbani nikalitupa daftari mezani mbele yako. Nikasema, "Mimi si pipa la karatasi zako. Kwa nini huwezi kuwa kama baba za wengine?"

Hukunigombeza. Ulilichukua, ukalainisha jalada lake kwa kiganja, ukasema, "Sawa, Maitu." Basi. Jumamosi iliyofuata hukuniamsha twende kazini. Nikadhani nimeadhibiwa. Kabla ya mwaka kwisha ulikuwa umemwachia Mzee Odhiambo mashine ya zamani, ukachukua mkopo, ukafungua ofisi ya Westlands yenye mlango wa kioo, kompyuta na wateja wanaokuita bwana mkurugenzi. Tukahamia huko huko.

Na hapo ndipo ulipoanza lile neno lako. Tukishatulia. "Tukishatulia, nitarudi kwaya." "Tukishatulia, tutakwenda maonyesho Jamhuri Park kama zamani." Mama akikuuliza utakula nasi lini, tukishatulia. Daktari alikuambia presha imepanda, uende kliniki kila mwezi. Ulimjibu nini? "Nikimaliza oda hii." Nikiwa kidato cha kwanza nilikariri shairi mbele ya wazazi wa shule nzima. Nilikuwekea kiti mbele, nikakiwekea sweta langu ili mtu asikikalie. Sweta ndilo lililonisikiliza. Nilipotoka, dereva wako alikuwa langoni na mfuko wa zawadi. Shajara yenye kufuli. "Mzee amesema hongera," akaniambia.

Hongera ya nini, Baba? Ulijua shairi lilihusu nini?

Halafu ukatulia. Ijumaa mchana, ofisini, kichwa juu ya dawati. Ndivyo ulivyotulia.

Mwaka mzima nimeamini kwamba ulitupenda kidogo na vitu ukavipenda zaidi. Ni jambo baya kuamini juu ya mtu aliyekufa, lakini lilikuwa rahisi kubeba. Mzee Odhiambo ameniharibia hata hilo.

Aliponiona mlangoni aliacha mashine ikipiga bila karatasi. "Nyathina! Mwanangu, umerefuka hivi? Salamu zako nitazipokea nikisimama juu ya kiti." Nikamweleza shida ya picha. Aliinama chini ya mashine ya kukata karatasi, akatoa mkebe wa maziwa ya unga, akanipa picha.

Ulikuwa umevaa aproni. Mbele yako madaftari yamepangwa, labda kumi, nyuma yako pipa la karatasi, na wewe umerusha kichwa nyuma unacheka, meno yote nje, hata lile jino lililovunjika ulilokuwa ukilificha kwa wateja wa Westlands.

"Hii ndiyo," nikasema. "Ya zamani hivi ndiyo niliyotaka."

"Si ya zamani," Mzee akasema. Akaweka kidole juu ya kichwa chako. "Tazama hapa."

Nywele zilikuwa nyeupe. Katika mfuko wa aproni ilichungulia ile simu yako ya kukunja. Nikahisi ngazi zote nilizopanda zimeondolewa chini yangu.

"Ni miezi miwili kabla hajatuacha," akasema. "Yule kijana wa picha za pasipoti hapo chini ndiye aliyempiga. Alikuwa anakuja, baba yako. Si kila Jumamosi. Saa saba hivi, anavua koti, anavaa aproni yake, anafunga madaftari, anaimba mpaka mwenye duka la misumari anagonga dari na fimbo. Saa tisa anaosha mikono na mafuta ya taa, wino wote utoke, anarudi kwa watu wake wa vioo. Madaftari ananiachia mimi niwapelekee watoto."

Nikamuuliza kwa nini hukutuambia. Mzee alijifanya anatafuta kitambaa cha kufutia mikono.

"Hata mimi nilimuuliza. Nikamwambia, Fundi, mlete mama yako tuone kama bado anajua kusoma prufu. Akakataa. Akasema, 'Mama yangu alikufa hajawahi kuvaa kiatu kipya, na mimi nilikuwa mdogo, sikuwa na la kufanya. Sasa amerudi, na amelia kwa aibu kwa sababu ya haya madaftari. Hatalia mara ya pili.'"

Baba. Nilikuwa na miaka kumi na miwili!

Sikuwa mama yako. Nilikuwa mtoto aliyechekwa shuleni. Nilihitaji unikaripie. Nilihitaji uniambie, "Keti hapa, hili daftari limefungwa kwa mikono hii, hutalitupa," kisha tungekula, na kesho yake ningekuwa nimesahau. Badala yake ulilichukua neno moja la mtoto ukaligeuza amri kutoka kaburini, ukalitumikia mpaka likakuua. Ulininunulia nyumba, viti, televisheni, shajara yenye kufuli, na hukuniuliza hata mara moja, "Maitu, bado unalia?" Ungeniuliza ningekujibu. Nilikuwa nimeacha kulia baada ya wiki mbili. Yule msichana aliyenicheka alikuja kuniomba daftari, Baba, kabla muhula haujaisha, kwa sababu lake lilijaa na mama yake hakuwa na la kumpa. Nilimpa. Tukawa marafiki. Yote haya yalitokea, na wewe hukuyajua, kwa sababu ulikuwa umeshaondoka kwenda kunitafutia furaha.

Na lililo baya zaidi: ulijua furaha ilipo. Ulijua ngazi zake. Ulikuwa ukiipandia kwa siri, Jumamosi moja moja, ukaosha mikono ili tusiinuse. Mtu huficha aliyoyaiba. Furaha yako uliifichia nini? Mama angekuja. Mimi ningekuja mbio. Tungekaa sote kwenye bunda la karatasi na kugongewa dari na fimbo.

Nimesimama kidogo kuandika. Karatasi imelowa, na nyuma yake wino wa bibi harusi umeanza kuvuja.

Kuna neno langu pia. Nisamehe kwa siku ile. Neno lile la pipa, nalitubu. Lakini sitalitubu zaidi ya kiasi changu. Changu ni cha mtoto. Kilichobaki ni chako, na nakuachia.

Jumatano jioni niliiweka picha mezani. Anko Kariuki aliiinua kwa ncha za vidole.

"Aproni? Kwenye kadi? Watu watasema tulizika kibarua."

"Tulizika fundi," nikasema.

"Na mimi naambia watu nini, kwamba ndugu yangu alirudi nyuma?"

Mama akamnyang'anya picha. Aliitazama muda mrefu, akaifuta kwa pembe ya leso ingawa haikuwa na vumbi.

"Kariuki," akasema polepole, "huyu ndiye aliyenioa. Huyo mwingine wa gari nilikuwa nikimpikia tu."

Anko alikunywa chai yake yote, akaangalia picha tena kwa mbali, na mwishowe akasema, "Basi angalau mlikate hilo pipa hapo nyuma." Nadhani naye alilia alipofika nje, kwa sababu alichelewa sana kuwasha gari.

Alhamisi tulizichapa, mimi na Mzee Odhiambo. Alinipa prufu na rula. Nikasoma kama ulivyonifundisha, kutoka mwisho. Neno la mwisho ni "pumziko". Nikarudi nyuma neno moja moja, kwenye "besi", kwenye "fundi", kwenye "mume", na nilipokuwa nikirudi nikaona ninafanya hivyo hivyo na maisha yako. Tangu ulipokufa nimekuwa nikiyasoma kutoka mwanzo, na hadithi imenibeba: alikuwa hana, akapata, akafa. Ndivyo Anko anavyoyasoma. Lakini ukianza pale dawatini ukarudi nyuma taratibu, unaliona kosa lilipo. Halipo kwenye gari. Gari ni gari tu. Kosa lipo pale mezani uliposema "Sawa, Maitu" ukanyamaza. Na ukirudi nyuma zaidi ya hapo unakuta lango la Jamhuri, watoto wamekuzunguka, na hapo hakuna cha kusahihisha.

Nilifika kwenye jina lako, ambalo ndilo neno la kwanza. Prufu haikuwa na kosa. Kusema kweli nilitamani niwe nimeliona moja, nipate sababu ya kukaa zaidi.

Mashine yenu bado ni punda. Iliharibu karatasi nyingi kabla haijakubali. Mzee alizikusanya, akazipiga mezani zikalingana, akaniangalia. "Hizi zinatosha daftari moja," akasema. Hakuniambia nifanye nini. Nilichukua mkasi na gundi mwenyewe. Pini ya kwanza niliipiga vibaya ikanichoma kidole.

Basi nakuaga, Baba. Hasira bado ipo, sitakudanganya. Nimeipunguza tu ili nipate mahali pa kuweka mengine. Kesho watu watasema mema yako, nami nitasimama niyasikilize kwa adabu. Nakuahidi haya. Jumamosi za likizo nitakuwa River Road, na jioni nitakuwa langoni. Mtu nimpendaye akilia, nitamuuliza analilia nini kabla sijakimbia kumtafutia. Na nikipata siku moja kitu cha kunifurahisha, sitakioshea mikono kwa mafuta ya taa. Nitarudi nacho nyumbani kikinuka.

Muhula utakapofunguliwa nitaingia darasani na daftari jipya. Upande mmoja ni wewe, unacheka, mara ishirini na nne, mahali pengine umepinda, mahali pengine wino umekufunika sikio. Upande mweupe ni wangu. Atakayetaka kuniita Marehemu, nitaligeuza nimwonyeshe.

Mzee Odhiambo amenipa aproni yako. Nimeifua mara mbili, wino haujatoka. Sitaifua mara ya tatu.

Maitu wako,
Njeri